Ufyonzaji wa sukari katika utumbo mwembamba: maana, hatua na matumizi ya istilahi

ufyonzaji *nm* [u-] kitendo cha kiungo, mmea au kitu kuvuta kimiminiko au chembe zilizoyeyuka na kuziingiza ndani yake. Katika biolojia: hatua ambayo virutubisho vilivyokwisha kumeng'enywa hupita katika ukuta wa utumbo na kuingia katika damu au limfu.

ufyonzaji wa sukari hatua ambayo sukari sahili, hasa glukosi, hutoka katika uwazi wa utumbo mwembamba, hupita ndani ya seli za ukuta wake, na kuingia katika mishipa midogo ya damu inayoelekea kwenye ini.

Kidahizo hiki kimepewa maelezo marefu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vitenzi vinavyokizunguka, yaani *yeyusha*, *meng'enya*, *fyonza*, *nyonya* na *sharabu*, hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe, ilhali kila kimoja kinataja tendo lake. Ya pili ni kwamba mkanganyiko huo hauishii darasani. Huingia katika vipeperushi vya afya, na huko neno moja lisilo mahali pake huweza kumfanya mzazi akoroge kinywaji kisichomfaa mtoto anayehara.

1. Asili na mnyambuliko

*Fyonza* ni kitenzi cha asili ya Kibantu. Maana yake ya msingi ni kuvuta kitu cha majimaji kwa mdomo au kwa namna inayofanana na hiyo: nyuki hufyonza nekta, mbu hufyonza damu, mizizi ya mpunga hufyonza maji na mbolea. Maana ya kibiolojia ya utumbo kufyonza virutubisho imetokana na hiyo ya mizizi, nayo inafaa, kwa kuwa utumbo, kama mzizi, huingiza ndani kile tu kilichokwisha kuwa chembe ndogo ndani ya maji.

Mnyambuliko wake: *fyonza, fyonzwa, fyonzea, fyonzeka, fyonzesha*. Nomino zitokanazo nacho: *ufyonzaji, ufyonzwaji, mfyonzo, kifyonzaji*, na katika matumizi ya nyumbani, *kifyonzavumbi*.

Kati ya *ufyonzaji* na *ufyonzwaji* kuna tofauti ya mwelekeo. *Ufyonzaji* hutaja tendo kwa upande wa mtenda: *ufyonzaji wa utumbo umepungua*. *Ufyonzwaji* hulitaja kwa upande wa mtendwa: *ufyonzwaji wa sukari umepungua*. Hata hivyo, *ufyonzaji wa sukari* si kosa, kwa kuwa kiunganishi cha *-a* katika Kiswahili huweza kumtaja mtenda au mtendwa, kama ilivyo katika *upandaji wa mpunga*, ambapo hakuna anayedhani kwamba mpunga ndio unaopanda. Pale ambapo maandishi yanamtaja mtenda na mtendwa katika sentensi moja, ni bora kutenganisha: *ufyonzwaji wa glukosi na seli za utumbo*.

2. Mfano wa kuelewesha: mpunga, mchele, wali

Madibira iko katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, karibu na mpaka wa Mkoa wa Iringa. Hapo Mto Ndembera, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Iringa, hugawanywa katika mifereji inayomwagilia mashamba ya mpunga ya wakulima wadogo. Skimu hiyo ina ukubwa wa takriban hekta 3,000. Wakazi wake, miongoni mwao Wahehe, Wasangu na Wabena, hutumia Kiswahili katika shughuli za ushirika, shule na zahanati.

Mkulima wa huko hawezi kusema kwamba amevuna wali. Shambani ni *mpunga*. Ukikobolewa na kuacha pumba huwa *mchele*. Ukipikwa huwa *wali*. Kitu ni kilekile, lakini lugha hubadilisha jina kwa kila hatua, kwa kuwa kila hatua ina kazi yake, chombo chake na bei yake. Mwalimu anaweza kuutumia mpangilio huo kama ufunguo wa somo hili. Safari ya wanga tumboni nayo ina hatua, na kila hatua ina jina lake. Anayesema *fyonza* mahali pa *meng'enya* ni kama mfanyabiashara anayeagiza magunia ya wali kutoka Madibira: anaeleweka kwa mbali, lakini mzigo hautafika.

3. Hatua za sukari kutoka kwenye wali hadi damuni

*Hatua ya kwanza: kinywani na tumboni.* Sahani ya wali yenye gramu 300 ina wanga wa takriban gramu 80. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi zilizoungana. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilase, ambacho huanza kuukata mnyororo huo. Ndiyo sababu mtu akitafuna wali kwa muda mrefu huanza kuonja utamu. Wali ukifika katika mfuko wa tumbo, asidi huisimamisha kazi ya amilase ya mate.

*Hatua ya pili: mwanzo wa utumbo mwembamba.* Sehemu ya kwanza ya utumbo huo ni duodeni, yenye urefu wa takriban sentimita 25. Hapo kongosho humwaga amilase yake, ambayo huendelea kuukata wanga hadi vipande vifupi, vikiwamo maltosi.

*Hatua ya tatu: ukingoni mwa seli.* Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba haukulainika kama bomba. Una mikunjo; juu ya mikunjo mna vijidole vyenye kimo cha nusu milimita hadi milimita moja; na kila seli inayofunika vijidole hivyo ina vinyuzi vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kwa mpangilio huo, utumbo wenye urefu wa mita chache hupata eneo la ndani linalokadiriwa kuwa mita za mraba 30 hivi. Juu ya vinyuzi hivyo vimo vimeng'enya vya mwisho: maltase huvunja maltosi kuwa glukosi mbili, sukrase huvunja sukari ya miwa kuwa glukosi na fruktosi, laktase huvunja sukari ya maziwa kuwa glukosi na galaktosi. Hapo ndipo mmeng'enyo wa wanga unapokamilika.

*Hatua ya nne: kuingia katika seli.* Huu sasa ndio ufyonzaji. Glukosi haiwezi kupenya utando wa seli peke yake. Huvushwa na protini maalumu, SGLT1, ambayo hufanya kazi kwa sharti moja: kila molekuli moja ya glukosi iingie pamoja na ioni mbili za sodiamu, yaani sehemu mojawapo ya chumvi ya kawaida. Sodiamu huelekea ndani kwa sababu ndani ya seli ni chache kuliko nje, nayo huwa chache kwa kuwa upande wa nyuma wa seli kuna pampu inayotumia nishati, ikitoa ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Kwa hiyo pampu ndiyo inayolipa gharama ya safari, na glukosi husafiri kwa nauli ya sodiamu. Galaktosi hutumia njia hiyohiyo. Fruktosi ina protini yake, GLUT5, nayo haihitaji sodiamu.

*Hatua ya tano: kutoka katika seli kwenda damuni.* Glukosi ikijaa ndani ya seli, hutoka upande wa nyuma kupitia protini nyingine, GLUT2, na kuingia katika vishipa vya damu vilivyomo ndani ya kila kijidole. Vishipa hivyo huungana na kuwa mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini kabla ya kuifikisha kwenye moyo. Ini huhifadhi sehemu ya glukosi na kuiachia nyingine, huku kongosho likitoa insulini ili seli za mwili ziipokee.

Ili kupima ukubwa wa kazi hii, inatosha kulinganisha viwango viwili. Mtu mzima mwenye afya ambaye hajala tangu usiku ana glukosi ya takriban gramu 5 katika damu yake yote, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Sahani moja ya wali huleta zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Kwamba damu haigeuki sharubati baada ya mlo ni matokeo ya ufyonzaji wa polepole, kazi ya ini na kazi ya insulini kwa pamoja.

4. Maneno yanayochanganywa

*Yeyuka, meng'enywa, fyonzwa.* Sukari ikikorogwa katika chai *huyeyuka*: hutawanyika majini bila kubadilika, na chai ikikaushwa sukari itabaki vilevile. Sukari *ikimeng'enywa*, huvunjwa na kuwa kitu kingine: sukrosi hukoma kuwa sukrosi. Sukari *ikifyonzwa*, haibadiliki bali huhama: glukosi iliyokuwa utumboni sasa imo damuni. Jaribio rahisi kwa mwanafunzi ni kuuliza swali moja: je, kitu kimetawanyika, kimevunjika, au kimehama? Maandishi ya zamani ya afya yalisema tumbo *huyeyusha* au *husaga* chakula. Matumizi hayo bado yanasikika na hayana ubaya katika mazungumzo, lakini katika maandishi ya sayansi *meng'enya* ndilo neno mahususi.

*Fyonza na nyonya.* Kwa maana ya msingi yanakaribiana, kwani mtoto hunyonya ziwa na mbu hufyonza damu. Lakini nchini Tanzania *nyonya* limebeba mzigo mwingine tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipoufanya *unyonyaji* kuwa istilahi ya siasa kwa maana ya mtu kuishi kwa jasho la mwenzake. Kusema kwamba *utumbo hunyonya chakula* kunaeleweka, ila msomaji huweza kudhani kwamba utumbo unamhini mwenye nao. *Fyonza* halina tatizo hilo katika muktadha wa sayansi, ingawa nalo hutumika kisitiari katika *wafyonza damu*.

*Sharabu.* Ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye uhusiano na kunywa. Hutumiwa kwa vitu vikavu vinavyoingiza majimaji: *kitambaa kimesharabu mafuta*, *sponji husharabu maji*. Halidokezi chombo chenye uhai kinachochagua cha kuingiza na cha kuacha. Kwa kuwa utumbo huchagua, *fyonza* lafaa zaidi.

*Nywea.* Hueleza kimiminiko kupotea ndani ya kitu: *maji yamenywea ardhini*. Hapa mtendaji ni maji yenyewe. Pia lina maana ya kukonda au kuishiwa nguvu, hivyo *mtoto amenywea* si sentensi ya kufyonza chochote, bali ni dalili ya maradhi.

*Sukari, glukosi, kisukari.* Katika lugha ya kila siku *sukari* ni ile ya dukani, ambayo kikemia ni sukrosi. Katika zahanati *sukari* ni glukosi iliyomo damuni: *sukari yako imepanda*. Katika mazungumzo, *ana sukari* humaanisha ana ugonjwa wa kisukari. Sentensi *wali hauna sukari* ni kweli kwa maana ya kwanza na inapotosha kwa ya pili, kwa kuwa wanga wa wali wote huishia kuwa glukosi. Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa aache sukari huweza kuacha chai tamu na kuendelea na sahani mbili za wali akiamini ametii. Inashauriwa kutumia *glukosi* au *sukari ya damu* kwa kile kilichomo damuni, *sukari ya mezani* kwa ile ya dukani, na *wanga* kwa kilichomo katika wali, ugali, ndizi na viazi.

*Utumbo mwembamba na chango.* *Chango* ni neno la zamani linalotaja utumbo mwembamba, lakini hutumika pia kwa minyoo na kwa maumivu ya tumbo, hasa ya wanawake. Katika maandishi ya afya lina utata mkubwa mno. Litumiwe *utumbo mwembamba*, na *utumbo mpana* kwa sehemu inayofuata. Wala *mwembamba* hapa si *mfupi*: utumbo huu ndio mrefu zaidi, ila kipenyo chake ni kidogo.

*Damu, mzunguko wa damu, mkondo wa damu.* Kiswahili hutosheka na *damu*: *glukosi huingia katika damu*. *Mzunguko wa damu* hutumika pale mwendo wake unapohusika. *Mkondo wa damu* hueleweka, lakini aghalabu huongezwa na mfasiri pasipo haja, na kwa msomaji wa kawaida huweza kuleta picha ya damu inayomwagika.

5. Sharti la chumvi, na kwa nini lina uzito

Sharti lililotajwa katika hatua ya nne, kwamba glukosi iingie pamoja na sodiamu, ndilo msingi wa tiba ya kurudisha maji mwilini kwa kunywa. Mwanabiokemia Robert Crane alilieleza wazo hilo mwaka 1960 katika mkutano wa kisayansi mjini Prague. Mwaka 1968 watafiti waliofanya kazi Dhaka walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waweza kurudishiwa maji kwa kunywa mchanganyiko wa glukosi na chumvi. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliutumia mchanganyiko huo kwa umati wa wagonjwa wakati maji ya mishipani yalipopungua, na vifo vikashuka sana.

Sababu ya mafanikio hayo imo katika maana halisi ya kitenzi *fyonza*. Sumu ya bakteria wa kipindupindu hulazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, na maji huifuata. Lakini sumu hiyo haiharibu mlango wa SGLT1. Mgonjwa anayepoteza lita nyingi za maji bado ana utumbo unaoweza kufyonza glukosi na sodiamu, na vitu hivyo viwili vikiingia, maji huvifuata vilevile. Kwa kila siku ya kawaida, takriban lita 9 za majimaji huingia katika utumbo, lita 2 hivi kutokana na vinywaji na chakula na zilizobaki kutoka mwilini mwenyewe, na karibu zote hurudishwa damuni. Kipindupindu huuvuruga urari huo. Chumvi na sukari huurekebisha.

Afrika Mashariki ilikwisha kuona gharama ya kutolijua jambo hili. Kipindupindu kilipoipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1876, lakini hakuna aliyekuwa na dawa ya kuyarudisha maji yaliyopotea. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara uliikuta nchi ikiwa na pakiti za ORS katika zahanati. Tatizo lililobaki lilikuwa ni kuhakikisha kwamba mtu anaitumia mapema na kwa usahihi, na hilo kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha.

Mchanganyiko wa ORS unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya 2000 una, kwa lita moja ya maji, glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Hesabu hiyo huifanya glukosi na sodiamu ziwe na kiasi kilicho sawa katika kipimo cha kikemia, milimoli 75 kila kimoja. Pakiti isipopatikana, kinywaji cha nyumbani huandaliwa kwa lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Sukari ya mezani hufaa kwa sababu sukrase huivunja na kutoa glukosi. Unga wa mchele nao umejaribiwa, hasa Bangladesh, kwa kiasi cha gramu 50 zilizopikwa katika lita moja yenye chumvi zilezile, na umeonekana kuwafaa wagonjwa wa kipindupindu. Wanga wake hutoa glukosi kidogokidogo bila kuuelemea utumbo.

6. Tahadhari kwa wafasiri

Katika Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma mmeng'enyo kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari husoma jambo lilelile kwa Kiingereza. Mhudumu wa afya hufunzwa kwa Kiingereza na kuzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili. Kila mmoja wao ni mfasiri, apende asipende. Makosa yafuatayo ndiyo yanayopaswa kuepukwa zaidi.

(a) *Kuitaja nusu ya mchanganyiko.* Isiandikwe: *Mpe mgonjwa maji ya chumvi.* Iandikwe: *Mpe mgonjwa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo vilivyoelekezwa.* Chumvi pasipo sukari haifyonzwi ipasavyo katika kipindupindu, na ikizidi ni hatari kwa mtoto.

(b) *Kuiita sukari kionjo.* Isiandikwe: *Ongeza sukari ili kinywaji kiwe kitamu.* Kauli hiyo humruhusu msomaji aongeze zaidi. Sukari ikizidi kuliko utumbo uwezavyo kufyonza, hubaki ndani ya utumbo na kuvuta maji kutoka mwilini, na kuhara huongezeka. Iandikwe: *Sukari husaidia chumvi na maji kufyonzwa, usizidishe kipimo.*

(c) *Kuahidi kisichotendeka.* Isiandikwe: *ORS huzuia kuhara.* Mama akiona mtoto bado anahara ataacha kumpa. Iandikwe: *ORS hurudisha maji na chumvi zilizopotea, endelea kumpa hata kama bado anahara.*

(d) *Kuhara na kuharisha.* Kisarufi, *hara* ni kutoka choo cha majimaji, na *harisha* ni kusababisha hali hiyo. Nchini Tanzania wengi husema *mtoto anaharisha* kwa maana ya kuhara, na si vyema kuwacheka. Lakini *dawa ya kuharisha* huweza kueleweka kuwa dawa ya kumfanya mtu ahare. Katika maandishi iandikwe: *matibabu ya mtu anayehara*.

(e) *Mtenda asiye sahihi.* *Sukari hufyonzwa na damu* humfanya damu awe mfyonzaji. Wafyonzaji ni seli za utumbo. Iandikwe: *Sukari hufyonzwa na seli za utumbo na kuingia katika damu.* Vivyo hivyo, *sukari hufyonza maji* si sahihi, kwa kuwa sukari haifyonzi, maji huifuata.

(f) *Kipimo kisicho na ukingo.* *Vijiko sita* pekee havitoshi, kwa kuwa kuna kijiko cha chai na kijiko cha chakula, na kuna kijiko kilichosawazishwa na kijiko kilichojaa kilima. Itajwe aina ya kijiko, namna ya kukijaza na ujazo wa maji. Chupa ya maji ya lita moja ni kipimo bora kuliko *jagi* au *kopo*, ambavyo ukubwa wake hutofautiana.

(g) *Njeo.* Kwa ukweli wa kudumu wa kisayansi, kiambishi *hu-* ndicho kinachofaa: *utumbo hufyonza glukosi*. Kiambishi *-na-* kitumike kwa tukio linaloendelea: *mgonjwa huyu anafyonza maji vizuri kuliko jana*.

7. Sentensi za mfano

Seli za utumbo mwembamba hufyonza glukosi pamoja na sodiamu.

Wanga wa wali humeng'enywa kwanza, ndipo glukosi yake ifyonzwe.

Koroga mpaka sukari na chumvi ziyeyuke kabisa kabla ya kumpa mtoto.

Fruktosi hufyonzwa kwa njia isiyohitaji sodiamu.

Mizizi ya mpunga ilishindwa kufyonza mbolea kwa sababu maji ya mfereji yalikuwa yamekauka.

Maziwa humletea tumbo la gesi mtu asiye na laktase ya kutosha, kwa kuwa laktosi isiyomeng'enywa haifyonziki.

Damu itokayo utumboni hupita kwanza kwenye ini.

8. Muhtasari wa matumizi

Tumia *yeyuka* kwa kile kinachotawanyika majini. *Meng'enya* kwa kile kinachovunjwa na vimeng'enya. *Fyonza* kwa kile kinachovuka ukuta wa utumbo. Na *sambaza* kwa kazi ya damu baada ya hapo. Hifadhi *sharabu* kwa kitambaa na sponji, na *nywea* kwa maji yapoteayo ardhini. Taja *glukosi* unapozungumzia damu, na *wanga* unapozungumzia sahani. Palipo na agizo la kuandaa kinywaji, usitenganishe sukari na chumvi katika sentensi, kwa kuwa utumbo nao hauvitenganishi.